Chicago Cubs: Jinsi timu ya besiboli inavyobomolewa ili ijengwe upya

MSIMU wa 2012 ulipofikia tamati, timu ya besiboli ya Chicago Cubs ilikuwa imeshinda mechi 61 pekee na kupoteza 101. Haikuwa imepoteza mechi nyingi kiasi hicho tangu 1966. Mashabiki walionunua tikiti za kuingia Wrigley Field, uwanja mkongwe uliofunguliwa 1914 kaskazini mwa jiji la Chicago, walikuwa wakirejea makwao jioni baada ya jioni wameinamisha vichwa.

La ajabu ni kwamba wakuu wa klabu hawakuonekana kutaharuki. Badala ya kusaka wachezaji wa kuokoa jahazi, waliendelea kuwatoa wale wachache waliokuwa wakicheza vyema.

Miaka minne baadaye, usiku wa Novemba 2, 2016, timu hiyo hiyo ilitwaa ubingwa wa Marekani kwa mara ya kwanza tangu 1908. Kilichotendeka kati ya misimu hiyo miwili ndicho kielelezo kinachotajwa sana kila inapozungumziwa kazi ya kuijenga upya timu ya besiboli kwa njia mbili: kuwasajili nyota ambao kandarasi zao zimekwisha, na kubadilishana wachezaji waliokomaa na chipukizi ambao bado hawajulikani.

Msomaji aliyezoea soka ya Uingereza atahitaji kwanza kuelewa tofauti moja. Katika soka, klabu inayomtaka mchezaji aliye na mkataba kwingine hutoa fedha, na mchezaji huyo hujadiliana upya kuhusu mshahara. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, yenye klabu 30, fedha si njia ya kawaida ya kumpata mchezaji wa aina hiyo. Mtu hubadilishwa kwa watu, naye huhama na kandarasi yake jinsi ilivyo. Wala haombwi ridhaa yake, isipokuwa mkataba wake uwe na kipengele cha kumlinda, au awe amecheza katika ligi hiyo kwa miaka 10, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja. Asiyekuwa na kinga hiyo anaweza kustaftahi akiwa mchezaji wa Chicago na kufikia wakati wa chajio akawa wa Texas.

Aidha, kila klabu kubwa huwa na timu kadhaa katika ligi za chini, zilizopangwa kwa madaraja, ambako vijana hupikwa kabla ya kupandishwa. Wengi wao hawapandi kamwe. Lakini kwa kuwa hakuna ajuaye ni nani atakayepanda, kila kijana mwenye kipaji ana thamani sokoni hata kabla ya kucheza mechi moja ya ligi kuu.

Miaka sita ya kumilikiwa

Msingi wa biashara hii yote ni kanuni moja: mchezaji hawi huru kuchagua mwajiri hadi atimize miaka sita ya huduma katika ligi kuu. Katika miaka mitatu ya kwanza klabu humlipa karibu inavyotaka, mradi isishuke chini ya kima kilichowekwa. Mitatu inayofuata, mizozo ya mshahara huamuliwa na wasuluhishi. Ni baada ya hapo tu ndipo anaweza kusimama sokoni na kusubiri anayetoa dau kubwa zaidi.

Kanuni hiyo, ijapokuwa inaonekana kali, ilikuwa ushindi kwa wachezaji. Kabla yake, mchezaji alikuwa mali ya klabu moja maisha yake yote ya uwanjani, hadi klabu yenyewe ichoke naye. Mnamo 1969, Curt Flood wa St. Louis Cardinals alikataa kuhamishiwa Philadelphia bila kuulizwa. Alikwenda mahakamani, na mnamo 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yake kwa kura tano kwa tatu. Flood hakuambulia chochote; taaluma yake ilizimika. Mlango alioubisha ulifunguliwa Desemba 1975, pale msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliokuwa wamecheza bila kutia sahihi mikataba mipya, walikuwa huru kwenda watakako. Miaka sita ndiyo makubaliano yaliyofikiwa baadaye kati ya wamiliki na chama cha wachezaji.

Matokeo yake ni soko lenye kasoro ya kudumu. Mchezaji mzuri huwa rahisi kabisa wakati ambapo mwili wake una nguvu nyingi kabisa, yaani kati ya umri wa miaka 22 na 28 hivi. Anapopata uhuru huwa anakaribia miaka 30, na ndipo klabu humlipa mamilioni kwa miaka sita, saba au minane ijayo. Kwa maneno mengine, nyota aliye huru hulipwa kwa yale aliyokwisha kufanya, naye chipukizi hununuliwa kwa yale ambayo pengine atafanya. Anayejenga timu ni mfanyabiashara wa wakati: huuza wa leo ili apate wa kesho, kisha siku ikifika hugeuka akauza wa kesho ili apate wa leo. Akikosea saa ya kugeuka, hupoteza zote mbili.

Cubs waliijua hasara hiyo. Juni 1964 walimtoa kijana Lou Brock kwa St. Louis Cardinals ili wampate mrushaji Ernie Broglio, ambaye kufikia wakati huo alikuwa na jina kubwa zaidi. Mwaka huo huo Cardinals walitwaa ubingwa, na Brock akaendelea kuiba vituo 938 katika maisha yake ya uchezaji, idadi iliyokuwa rekodi ya ligi alipostaafu. Broglio aliumia mkono. Chicago hadi leo jina la Brock hutajwa kwa uchungu.

Wala njia ya pili haikuwafaa zaidi. Mwishoni mwa 2006 walimpa Alfonso Soriano, nyota aliyekuwa huru na aliyekaribia kutimiza miaka 31, kandarasi ya miaka minane ya thamani ya dola milioni 136. Timu ilifika mchujo 2007 na 2008, ikaondolewa mara zote mbili bila kushinda hata mechi moja. Kisha miaka ikasonga, magoti ya Soriano yakachoka, na mshahara ukabaki pale pale.

Mjenzi kutoka Boston

Familia ya Ricketts iliinunua klabu hiyo mnamo Oktoba 2009 kwa takriban dola milioni 845. Miaka miwili baadaye ilimwajiri Theo Epstein kuwa rais wa shughuli za besiboli. Epstein alikuwa amepewa umeneja mkuu wa Boston Red Sox 2002 akiwa na umri wa miaka 28, na 2004 akaiongoza klabu hiyo kutwaa taji lililokuwa limeikwepa kwa miaka 86. Alikuja Chicago pamoja na Jed Hoyer, aliyemfanya meneja mkuu.

Kazi ya kwanza kubwa ya wawili hao ilikuwa Januari 2012. Walimtoa mrushaji kijana mwenye mpira wa kasi, Andrew Cashner, kwa San Diego Padres na kumpata Anthony Rizzo, mchezaji wa kituo cha kwanza aliyekuwa na miaka 22. Rizzo hakuwa mgeni kwao. Boston ilimchagua 2007 Epstein akiwa huko. 2008 akiwa bado katika ligi za chini aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi, akatibiwa akapona. Mnamo 2010 Boston ilimtoa kwa San Diego, ambako meneja mkuu wakati huo alikuwa Hoyer. Hivyo watu wale wale walimpata Rizzo mara tatu katika klabu tatu.

Julai ya mwaka huo ikaja zamu ya Ryan Dempster, mrushaji mkongwe ambaye kandarasi yake ilikuwa inaelekea ukingoni. Kwa kuwa alikuwa na ile kinga ya miaka 10 na mitano, Dempster aliukataa mpango wa kumpeleka Atlanta. Dakika chache kabla ya soko kufungwa Julai 31, alikubali kwenda Texas Rangers. Chicago ikapokea vijana wawili, mmoja wao Kyle Hendricks, mhitimu wa chuo cha Dartmouth ambaye hakuwa na kasi ya kutisha na ambaye wataalamu wachache tu walimpa uzito. Mnamo 2016 Hendricks aliruhusu wastani wa mikimbio 2.13 katika kila zamu tisa, kiwango bora kuliko cha mrushaji mwingine yeyote wa kudumu katika ligi kuu.

Mpango unaostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, hata hivyo, ni wa Scott Feldman. Novemba 2012 Cubs walimsajili mrushaji huyo aliyekuwa huru kwa kandarasi ya mwaka mmoja tu, dola milioni 6. Hakuwa nyota wala hakuna aliyeamini kwamba angeipa timu ubingwa. Alinunuliwa kama mfugaji anunuavyo ndama aliyekonda: amnenepeshe, kisha ampeleke mnadani. Feldman alicheza vizuri kwa miezi mitatu. Julai 2, 2013 alipelekwa Baltimore Orioles pamoja na mdakaji Steve Clevenger, na Chicago ikapewa warushaji wawili waliokuwa wameishinda Baltimore, Pedro Strop na Jake Arrieta.

Arrieta alikuwa na miaka 27 na alikuwa amerudishwa ligi za chini. Chicago walimwachia arushe kwa mtindo wake mwenyewe uliokuwa umekatazwa awali. Katika msimu wa 2015 alishinda mechi 22 na kupoteza sita, wastani wake wa mikimbio ukiwa 1.77, akatuzwa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Ukiifuata hesabu hii hadi chanzo chake, tuzo hiyo ilitokana na dola milioni 6 zilizotumiwa kumsajili mtu wa kukaa nusu msimu.

Si kila mbegu iliyoota. Matt Garza alipotolewa kwa Texas Julai 2013, chipukizi aliyetazamiwa kuwa kito katika kundi la waliopokewa alikuwa Mike Olt. Hakufua dafu. Waliobaki, C.J. Edwards na Justin Grimm, ndio waliokuja kufaa. Naye Edwin Jackson, mrushaji aliyesajiliwa Desemba 2012 kwa dola milioni 52 za miaka minne, alipoteza mechi 18 katika msimu wake wa kwanza na akaachiliwa 2015 kandarasi ikiwa haijaisha. Epstein alikuwa amemnunua mapema mno, kabla nyumba haijapata ukuta wa kuegemezewa nguzo.

Julai 2014 Jeff Samardzija na Jason Hammel, warushaji bora wa timu wakati huo, walipelekwa Oakland Athletics. Kati ya waliokuja ni Addison Russell, kijana wa miaka 20. Ilikuwa mara ya tatu mfululizo kwa Cubs kuuza warushaji wao katikati ya msimu, na ngoja ngoja ilikuwa imeanza kuwaumiza mashabiki matumbo. Timu ilipoteza mechi 96 mwaka 2013 na 89 mwaka 2014. Tikiti za Wrigley Field hazikuwa zikiuzwa kwa bei ya timu ya mazoezi.

Thamani ya kushindwa

Hapa pana jambo ambalo wengi huona ni la aibu kwa mchezo wenyewe. Kila mwaka klabu za ligi kuu huchagua vijana kutoka shule na vyuo, na kwa miaka mingi iliyofanya vibaya zaidi ndiyo iliyochagua mapema zaidi. Makubaliano yaliyotiwa sahihi mwishoni mwa 2011 yaliweka pia mipaka kwa fedha ambazo klabu ingetumia kuwasajili vijana hao, fungu kubwa likienda kwa zilizochagua mapema. Kwa hivyo kushindwa kukawa na faida ya kuhesabika. Mechi 101 zilizopotezwa 2012 ziliwapa Cubs nafasi ya pili katika uteuzi wa 2013, wakamchukua Kris Bryant. Zile 96 za 2013 ziliwapa nafasi ya nne mwaka uliofuata, wakamchukua Kyle Schwarber.

Bryant ndiye anayeonyesha waziwazi ni nani hulipia ujenzi wa aina hii. Alipofika kambi ya mazoezi ya 2015 alikuwa tayari kwa ligi kuu, na katika mechi za kujipima nguvu aliongoza kwa kuvusha mpira nje ya ua. Klabu ikamrudisha ligi za chini. Ilisema alihitaji kunoa ulinzi wake. Akaitwa Aprili 17, msimu ukiwa na wiki mbili hivi tangu uanze.

Mwaka mmoja wa huduma huhesabiwa kuwa siku 172. Bryant alimaliza msimu huo akiwa na siku 171.

Siku moja hiyo ilichelewesha uhuru wake kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2021. Aliwasilisha malalamishi kupitia chama cha wachezaji, na mwanzoni mwa 2020 msuluhishi akaamua kwamba klabu haikuvunja kanuni. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kisheria. Iwapo ulikuwa wa haki ni swali jingine. Mnamo 2016, mwaka aliotuzwa kuwa mchezaji bora wa ligi ya National, Bryant alilipwa dola 652,000. Mwenzake Jason Heyward, aliyesajiliwa akiwa huru, alikuwa na kandarasi ya wastani wa dola milioni 23 kwa mwaka.

Walio chini yao walikuwa na hali mbaya zaidi. Hadi wachezaji wa ligi za chini walipojiunga na chama 2022 na kupata mkataba wa kwanza mwaka uliofuata, kima cha chini katika daraja lililo karibu kabisa na ligi kuu kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Mkataba huo ulikipandisha hadi dola 35,800. Hao ndio chipukizi ambao majina yao hupitishwa baina ya afisi na afisi kama noti.

Saa ya kugeuka

Mwishoni mwa 2014 Epstein aliamua kwamba wakati umewadia. Alimwajiri meneja Joe Maddon kutoka Tampa Bay, kisha Desemba akamsajili mrushaji Jon Lester kwa dola milioni 155 za miaka sita. Lester alikuwa amechezea Boston chini ya Epstein na alikuwa na mataji mawili. Isitoshe, kwa kuwa alikuwa amebadilisha klabu katikati ya msimu, kanuni hazikuitoza Chicago nafasi yoyote ya uteuzi kwa kumchukua. Akawa nyota aliye huru ambaye gharama yake ilikuwa fedha tu.

Timu ilishinda mechi 97 mwaka 2015 na kufika nusu-fainali, ikachapwa na New York Mets mechi nne bila jibu. Majira ya baridi yaliyofuata Epstein alifungua mkoba kwelikweli: Heyward dola milioni 184 za miaka minane, Ben Zobrist milioni 56 za minne, mrushaji John Lackey milioni 32 za miwili. Tofauti na kisa cha Soriano ni kwamba safari hii fedha ziliwakuta Rizzo, Bryant, Russell, Hendricks na Arrieta tayari wamesimama, wote wakilipwa kidogo kwa kulinganisha.

Halafu ikaja Julai 2016. Cubs waliongoza kundi lao lakini walikosa mrushaji wa kufunga mechi. New York Yankees walikuwa naye, Aroldis Chapman, mzaliwa wa Cuba aliyerusha mpira kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa. Kandarasi yake ilikuwa imebakisha miezi mitatu. Yankees walitaka wachezaji wanne, wa kwanza wao akiwa Gleyber Torres, Mvenezuela wa miaka 19 ambaye Cubs walimsajili 2013 kwa dola milioni 1.7 na kumlea tangu hapo. Wakamtoa.

Bei hiyo haikuwa ya kipaji pekee. Mwanzoni mwa msimu huo Chapman alikuwa amefungiwa mechi 30 chini ya kanuni za ligi dhidi ya dhuluma za kinyumbani, kufuatia tukio la Oktoba 2015 nyumbani kwake Florida. Upande wa mashtaka haukumfungulia kesi. Hata hivyo wapo mashabiki wa Chicago, hasa wanawake, waliosema wazi kwamba taji lililokuja kwa njia hiyo lingekuwa na doa, na walikuwa na haki ya kusema hivyo.

Katika fainali dhidi ya Cleveland Indians, Cubs walikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa moja. Wakasawazisha. Mechi ya saba ilianzishwa na Hendricks, yule aliyepatikana kwa Dempster. Lester aliingia baadaye kumsaidia. Chapman aliyechoka kwa kutumiwa sana katika mechi mbili zilizotangulia alikabidhiwa uongozi wa 6-3 katika zamu ya nane, ukapungua kuwa 6-4, na Rajai Davis wa Cleveland akaupiga mpira wake ukavuka ua. Sare, 6-6. Baada ya zamu tisa mvua ikanyesha na mechi ikasimama kwa dakika 17.

Ni katika dakika hizo ambapo Heyward, aliyekuwa amepiga vibaya msimu mzima licha ya mamilioni yake, aliwaita wenzake katika chumba cha mazoezi ya uzani na kuwatia moyo. Mchezo uliporejea, Schwarber alifika kituo cha kwanza, Albert Almora akaingia kumkimbilia, na Zobrist akaupiga mpira uliompa Almora mkimbio wa saba. Wa nane ulifuata. Cleveland walipata mmoja. Mrushaji wa mwisho alikuwa Mike Montgomery, ambaye Cubs walimpata kutoka Seattle mwezi huo huo wa Julai kwa kumtoa chipukizi Dan Vogelbach. Mpira ulibiringika hadi kwa Bryant, Bryant akamrushia Rizzo, na ikawa 8-7.

Zobrist alituzwa mchezaji bora wa fainali. Siku mbili baadaye, maafisa wa jiji walikadiria kwamba watu milioni tano walijitokeza kwa maandamano ya furaha, ingawa wengi wameitilia shaka idadi hiyo.

Deni

Mwezi uliofuata Chapman alirejea Yankees akiwa mchezaji huru, kwa dola milioni 86 za miaka mitano. Torres alipanda ligi kuu 2018, akawa miongoni mwa nyota wa ligi mwaka huo na 2019, mwaka ambao alivusha mipira 38 nje ya ua. Yankees walibaki na wote wawili. Ukiuliza Chicago kama wanajuta, jibu utakalopewa na wengi ni mwaka: 1908.

Ni vigumu zaidi kuutetea mpango wa Julai 2017, ambapo Cubs walitoa vijana Eloy Jiménez na Dylan Cease kwa majirani wao White Sox ili wampate mrushaji José Quintana. Cease alishika nafasi ya pili katika kura za mrushaji bora wa ligi ya American 2022. Ghala likabaki tupu; bandu bandu huisha gogo. Epstein akarudia njia ya fedha: Yu Darvish milioni 126 mapema 2018, Craig Kimbrel milioni 43 katikati ya 2019. Taji la pili halikuja. Novemba 2020 alijiuzulu, na Hoyer akachukua nafasi yake.

Inafaa kutajwa hapa kwamba Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kutoka barani kucheza katika ligi kuu, akiwa na Pittsburgh Pirates. Mpinzani siku hiyo alikuwa Chicago Cubs, na mrushaji aliyemkabili mara ya kwanza alikuwa Lester. Ngoepe aliupiga mpira na kufika kituo cha kwanza salama. Alikuwa amesota ligi za chini tangu 2009. Mwishoni mwa mwaka huo Pittsburgh ilimhamishia Toronto.

Klabu nyingine ziliiga. Houston Astros, waliopoteza mechi 106, 107 na 111 katika misimu ya 2011, 2012 na 2013, walitwaa ubingwa 2017, ingawa Januari 2020 uchunguzi wa ligi ulithibitisha kwamba waliiba ishara za wapinzani kwa kamera msimu huo. Hatimaye malalamiko dhidi ya timu zinazojishusha makusudi yalisikika. Makubaliano ya Machi 2022 yalileta bahati nasibu kwa nafasi sita za mwanzo katika uteuzi, na kuwapa mwaka kamili wa huduma wachezaji wapya wanaoshika nafasi mbili za kwanza katika kura za mchezaji mpya bora. Bryant, ambaye alishinda kura hiyo 2015, angefaidika. Kwake yalikuja yakiwa yamechelewa miaka saba.

Wakati huo hakuwa tena Chicago. Katika siku mbili za mwisho wa Julai 2021, Hoyer aliwatoa mashujaa watatu wa 2016: Rizzo kwa Yankees, Javier Báez kwa Mets, Bryant kwa San Francisco Giants. Wote walikuwa wamebakisha miezi miwili kuwa huru. Bryant alisajiliwa na Colorado Rockies 2022 kwa dola milioni 182 za miaka saba, na majeraha yakamweka nje kwa sehemu kubwa ya misimu iliyofuata. Báez alikwenda Detroit kwa milioni 140.

Kijana aliyepatikana kwa Báez alikuwa Pete Crow-Armstrong, miaka 19, aliyekuwa amecheza mechi sita tu za ligi za chini kabla ya kufanyiwa upasuaji wa bega. Mashabiki waliokuwa wakimlilia Báez hawakumjua. Msimu wa 2025 alivusha mipira 31 nje ya ua, akaiba vituo 35, na Cubs wakashinda mechi 92 na kurejea mchujo.